Kazi ya Mikono Minne

Lempi Ruona hakuwa mwanamke wa kurudisha kazi. Miaka ishirini na tisa alitengeneza bunduki za watu wa Hirvila katika banda lililoegemea ubavu wa nyumba yake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeondoka pale na bunduki mbovu kwapani akiambiwa ajaribu kwa mwingine. Tena mwenyewe alilitangaza hilo, kwenye kahawa ya baada ya ibada, mbele ya mchungaji na mabibi wa kwaya: siku nitakayomwambia mtu apeleke bunduki yake kwingine, natundika aproni na msiniite fundi tena. Sasa, mtu akishatamka neno kama hilo mbele ya watu wa huku kwetu, amekwisha. Hakuna atakayemkumbusha, maana tumelelewa tusimuumbue mtu. Tutamtazama tu, na tutaendelea kumtazama mpaka azikwe.

Basi Jumanne ile ya Novemba, zikiwa zimebaki siku nne msimu wa kulungu ufunguliwe, mlango wa banda ulisukumwa na Rodney Hautala, dereva wa basi la shule. Mkononi alibeba kitu kilichoviringishwa taulo la kuogea, taulo la waridi lenye maua, na viatu vyake vilikuwa vimejaa theluji.

"Fundi, usinicheke," alisema.

"Sijacheka."

"Utacheka."

Alikifungua kile kitu juu ya meza. Ilikuwa bunduki yake, ile ya mtindo wa jeshi aliyokwenda nayo porini kila mwaka tangu aache jeshi. Kwa nje ilikuwa imefutwa vizuri, lakini kila tundu lilitoa harufu ya tope lililooza.

"Nilikwenda kutengeneza kibanda changu cha kuvizia," Hautala alianza. "Kuna gogo pale la kuvukia bwawa. Mwaka jana lilikuwa zima."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu mimi nimenenepa."

Lempi hakucheka, ingawa mdomo ulimchezacheza upande mmoja. Aliigeuza bunduki, akatazama kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole pale kinga ya mkono inapokutana na mwili wa bunduki. Kidole kilisimama. Plastiki ilikuwa na mikwaruzo mitatu mipya.

"Nani kachokonoa hapa?"

Hautala alitazama dari.

"Nakuuliza. Hili ni kopo la dagaa mpaka ulifungue kwa bisibisi?"

"Nilijaribu kwanza kwa utaratibu, fundi. Mimi na mke wangu. Yeye abonyeze, mimi nivute. Yeye anasema mimi sivuti, mimi nasema yeye habonyezi. Tumelala mzungu wa nne siku mbili sasa. Ndiyo nikachukua bisibisi."

"Iache hapa," Lempi alisema. "Na taulo uliache, usimrudishie mwenzio likiwa hivi. Ijumaa jioni njoo."

Akatoka Hautala, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na mzigo wenyewe ukabaki juu ya meza ya Lempi.

Nieleze kidogo, maana kisa kizima kimesimama hapo. Bunduki ya namna hii mtutu wake umekumbatiwa na vipande viwili vya plastiki, ndiyo hiyo kinga ya mkono, ili mpigaji asiungue kiganja. Kwa mbele vipande hivyo vimechomekwa kwenye kikombe cha chuma. Kwa nyuma vimebanwa na pete, na pete imekalia springi yenye kiburi. Ukiibonyeza pete ikarudi nyuma, vipande vinachomoka vyenyewe, mtoto wa miaka sita anaweza kuvitoa. Shida ni hiyo pete. Inataka mikono yote miwili na uzito wa mwili, na ukishaweka mikono yote miwili pale, huna wa kuvutia. Jeshini Lempi alikuwa mkufunzi wa mafundi wa silaha kwa miaka minane, na somo hili alilianza kwa maneno yaleyale kila kundi lilipoingia. Msinitafutie bisibisi, aliwaambia. Chombo chenyewe ni huyo aliyesimama kando yako. Ananuka, hanuki, mpende hivyohivyo, maana bila yeye hii kitu haitoki. Vijana walicheka, wakabonyeza, wakavuta, ikatoka.

Alipoacha jeshi na kufungua banda, aliyesimama kando yake alikuwa Urho, kaka yake, aliyemzidi miaka mitano. Urho alikuwa fundi wa karakana ya mgodi wa shaba mpaka mgodi ukafungwa, na kila Alhamisi alikuja kwa Lempi na gari lake bovu, akanywa kahawa vikombe vitatu, kisha wakashika kazi za mikono minne. Ndivyo walivyoziita. Bunduki zote za aina ile Lempi aliziweka kwenye rafu moja karibu na mlango, na rafu yenyewe waliiita Alhamisi. Urho alibonyeza, Lempi alivuta. Hawakuzungumza sana. Wakati mwingine Urho alisema, "Hii inatoka kabla ya ile," na wakati mwingine Lempi alisema, "Usinipumulie," na siku ilikwisha.

Halafu moyo wa Urho ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kuinua wala kusukuma chochote kizito kuliko birika. Vuli ile Alhamisi zikawa za kahawa tu, halafu zikapungua. Usiku wa kuamkia Krismasi, kwenye uwanja wa kanisa, theluji ikiwaangukia mabegani, Urho alimpa mdogo wake boksi la viatu lililofungwa karatasi ya kaki na uzi. Lilikuwa zito. Lempi alilipima kwa mikono akajua ni chuma, na alijua ni chuma cha nini, kwa sababu mwaka mzima Urho alikuwa akinong'ona kwamba angeweza kuunda chombo cha kubonyezea ile pete.

"Chukua," Urho alisema, uso umekauka kama kawaida yake. "Sasa hutanihitaji tena."

"Haya," alijibu Lempi.

Akaingia garini. Njia nzima hakuwasha redio. Aliumia, na niseme hivyohivyo bila kuzungukazunguka: aliumia sana. Miaka yote ile ya Alhamisi, na mtu anakukabidhi chuma kwenye boksi, eti hii ndiyo badala yangu. Alifika nyumbani akalisukumiza boksi lile juu kabisa, nyuma ya makopo ya rangi, likiwa na uzi wake. Akasema moyoni, atapiga simu mwenyewe akitaka. Urho hakupiga.

Mgeni atauliza, kwa nini asimuulize tu kaka yake alimaanisha nini? Mgeni huyo hajaishi Hirvila. Huku mtu haombi msaada, wala hasemi nimekukumbuka, wala hasemi nisamehe. Mtu anapiga simu na kusema, "Kahawa ipo." Basi. Kahawa ipo maana yake ni njoo, naumwa. Ni njoo tusukume gari. Ni njoo, juzi nilikosea, tusilizungumze. Na anayeambiwa hivyo huvaa kofia akatoka, hata kama alikwisha kunywa kahawa yake ya kutosha. Miaka mitatu hakuna aliyemwambia mwenzake neno hilo, na kati ya nyumba zao ni maili kumi na moja. Kanisani walisalimiana kwa vichwa. Dukani walipishana kwenye unga.

Kazi za mikono minne Lempi alizifanya kwa miwili. Alisimamisha kitako cha bunduki katikati ya viatu vyake, akaikandamiza pete kwa viganja mpaka mishipa ikamtoka, kisha akaisukuma kinga kwa kidevu. Ndiyo, kwa kidevu. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenye cheti cha jeshi ukutani. Ilitoka, lakini kila ilipotoka ilimla kidogo. Mwaka wa kwanza vidole viliuma usiku. Mwaka wa pili viliuma mchana. Vuli hii vifundo vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na kikombe alikishika kwa mikono miwili, akiwaambia mabibi wa kwaya kwamba anajipasha moto.

Jumanne hiyo, Hautala alipokwisha kuondoka, alisimamisha bunduki ya tope, akaweka viganja, akakandamiza. Pete haikusogea hata unywele. Tope lilikuwa limeingia kwenye springi na kutu imeshaanza. Akamwaga mafuta, akasubiri, akakandamiza tena. Maumivu yalipanda mpaka kwenye viwiko, na mkono wa kulia ukaachia wenyewe bila yeye kuuambia. Hilo ndilo lililomtia hofu. Maumivu alikwisha kuyazoea, lakini mkono kumkaidi kulikuwa kugeni. Alitazama msumari nyuma ya mlango, ule wa kutundikia aproni, akageuza uso.

Jumatano alijaribu mkanda wa ngozi na kijiti, ujanja wa zamani wa kuzungusha kama mtu anayekamua nguo. Mkanda uliteleza kwa mafuta. Alijaribu kile chombo cha kufungulia chujio la oili la gari. Kilikuwa kipana mno. Alifungua droo zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kana kwamba hajui kilichomo, akatoa koleo, vibano, funguo za kila namba, akavipanga mezani na kuvirudisha. Kuelekea saa tisa alijikuta ameshika bisibisi bapa na ncha yake imeelekea kwenye pete, palepale penye mikwaruzo ya Hautala. Alisimama hivyo kwa muda. Ametukana watu wangapi kwa jambo hili? Angeivunja ile plastiki, au ile pete ingejipinda, na ingekuwa vilevile, bunduki ingekwenda kwa yule fundi mwingine wa mjini Marquette na aproni ingekwenda msumarini. Alirudisha bisibisi kwenye droo na kuifunga kwa goti.

Mficha maradhi, wanasema. Lempi aliyaficha yake vizuri sana, na sasa yalikuwa yamekaa naye mezani yakimtazama.

Alhamisi asubuhi alipanda kiti, akasogeza makopo ya rangi, akalishusha boksi. Alijiambia ni chombo tu. Chuma hakina kosa. Uzi ulikuwa na fundo la Urho, lile la karakana ambalo haliachii mpaka ulijue, na Lempi alilijua. Ndani ya karatasi hakukuwa na kadi wala neno, huyo ndiye Urho. Kulikuwa na mikono miwili ya chuma, mirefu kuliko alivyotarajia, iliyounganishwa kwa nusu duara iliyochongwa na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Na mahali pa kushikia palikuwa pamezungushwa ngozi nene, laini, iliyoshonwa kwa uzi uliopakwa nta.

Ile ngozi aliitambua kabla hajaigusa. Zilikuwa glavu za baba yao, zile za ngozi ya kulungu alizozivaa kila asubuhi ya baridi akienda mgodini, na ambazo Urho alirithi na hakuwahi kumruhusu mtu azivae. Alikuwa amezikata. Lempi alikasirika, palepale, kwa nusu dakika nzima. Kisha akaweka viganja vyake kwenye ile ngozi, na vidole visivyoweza tena kukunja ngumi vikakaa. Unene ulikuwa wake hasa. Wakati ule Krismasi ilipokuja hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu vidole. Hata yeye mwenyewe alikuwa bado hajajiambia.

Akaisimamisha bunduki, akakalisha nusu duara juu ya pete, akashika mkono huu na mkono ule, akalalia kidogo tu. Pete ililia mara moja, ikatema tope, ikashuka. Ilishuka bila ya maumivu hata chembe. Lempi alisimama pale, pete iko chini, kinga imelegea, kazi imekwisha isipokuwa kuvuta.

Avute kwa mkono upi sasa? Mikono yote miwili ilikuwa kwenye chombo. Aliachia mmoja, na pete ikaruka juu ikajifunga. Alibonyeza tena, akajaribu kidevu, lakini ile mikono mirefu ilimzuia hata kuinama. Alijaribu goti. Alijaribu, samahani, meno. Mwisho alikiachia chombo kikaanguka kwenye taulo la mke wa Hautala, akakaa kwenye kiti, akacheka. Alicheka kicheko ambacho banda lile halikuwa limekisikia siku nyingi, cha tumbo, mpaka machozi yakamtoka. Urho Ruona, miaka arobaini karakana, mtu wa kupima mara tatu akate mara moja, ameunda chombo cha mikono miwili kinachohitaji mkono wa tatu!

Na katika kicheko hicho alijikuta ameshasimama kwenye simu. Kusema kahawa ipo asingeweza. Miaka mitatu ilikuwa imekaa juu ya ulimi wake. Lakini kumlalamikia mtu kwa kazi mbovu, hilo ni haki ya kila mteja.

Iliita mara sita.

"Eeh," ilisema sauti ya Urho.

"Chombo chako kina kasoro."

Nyuma yake redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa ya ziwani.

"Chombo gani?"

"Kile cha Krismasi."

"Krismasi ya mwaka gani?"

"Usijifanye, Urho."

Redio ilizimwa. "Kina kasoro gani?"

"Kinashika mikono yangu yote miwili. Wa kuvuta nani? Paka?"

Lempi alisikia kaka yake akivuta pumzi, na akaogopa kwamba labda moyo, labda amemshtua.

"Kahawa ipo?" Urho aliuliza.

Lempi aligeuka akatazama jikoni. Birika lilikuwa tupu, limeinamishwa kwenye sinki tangu asubuhi.

"Ipo," alisema.

Alikata simu akakimbia kulijaza. Alitoa mkate wa iliki kwenye friza, akaukata ungali mgumu, akaupasha. Halafu alirudi bandani, akaondoa makopo ya misumari yaliyokuwa yamekalia kigoda cha Urho miaka mitatu, akakifuta kwa kiwiko cha mkono wa gauni.

Urho alipofika alikuwa amepungua mwili. Koti lilimning'inia mabegani, na kutoka kwenye gari hadi mlangoni alisimama mara moja, akajifanya anatazama paa. Aligonga viatu kizingitini, akaingia, akakiona kigoda, akakikalia. Lempi alimmiminia kahawa. Alikunywa kikombe cha kwanza chote, akachovya mkate kwenye cha pili, ndipo akatazama mikono ya mdogo wake iliyozunguka kikombe.

"Vidole?"

"Vibaya," alisema Lempi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. "Moyo?"

"Mbaya."

"Haya."

"Haya." Alielekeza kidevu mezani. "Ya nani ile?"

"Ya Hautala. Ilianguka bwawani."

"Yeye hakuanguka?"

"Nusu."

Urho alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisimama, akaenda mezani, akaiokota ile mikono ya chuma, akaigeuza akiitazama kama mtu anayetazama picha yake ya ujanani. Akampa Lempi.

"Bonyeza. Mimi nivute."

Lempi alikalisha chombo, akashika ngozi ya glavu za baba, akalalia. Pete ikashuka. Urho alinyoosha vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, akachomoa kipande cha kushoto, kisha cha kulia, akaviweka mezani pamoja na tope lao. Hakutoa jasho. Hakupumua kwa nguvu. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Ndipo Lempi alipobaki ameshika chombo, hakiachii, akiitazama mikono yake na kumtazama kaka yake. Zamani Urho alibonyeza, yeye alivuta. Sasa imegeuzwa. Kubonyeza kumewekewa mikono mirefu ili asiyeweza kukunja vidole abonyeze. Kuvuta kumebaki kazi nyepesi kuliko birika.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua nini?"

"Kwamba kinataka watu wawili."

"Nilikijaribu wiki nzima kabla ya kukifunga," Urho alisema. "Cha mtu mmoja niliunda kwanza. Kilifanya kazi. Nikakikata."

"Kwa hiyo uliposema sitakuhitaji tena..."

Urho alichukua kitambaa, akaanza kufuta springi, na aliposema aliiambia springi. "Ulikuwa mzaha, Lempi. Nilidhani utakifungua jioni ileile. Utakijaribu, utanitukana, utapiga simu. Nilikaa karibu na simu mpaka mwaka mpya."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wamesema waliotutangulia. Lakini wao walisema juu ya mzaha uliosikika. Huu ulikaa miaka mitatu nyuma ya makopo ya rangi, umefungwa kwa uzi, na aliyeutunga alikuwa maili kumi na moja kutoka hapo akisubiri mtu acheke. Lempi alitaka kusema kitu. Lakini, tofauti na usiku ule garini, safari hii alikuwa na kitambaa mkononi na tope la kusafisha, na hilo lilimsaidia. Wakasafisha wote wawili. Yeye alisugua mtutu, Urho alipiga mswaki kila jino la pete. Kutu haikuwa nyingi. Springi waliiloweka kwenye mafuta ndani ya kopo, na vipande vya kinga wakavilaza karibu na jiko vikauke taratibu, maana plastiki hiyo ukiiharakisha inajikunja.

Jua lilipoanza kuteremkia misonobari Urho alivaa kofia. Alisimama mlangoni, karibu na ule msumari, na Lempi alimwona akiutazama na kuona kwamba ni mtupu na aproni iko mwilini mwa mwenyewe.

Nisamehe, Lempi alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Kurudishia nako kunataka watu wawili," alisema.

"Najua," alisema Urho. "Nilikiunda mimi."

"Kesho, basi."

"Kahawa itakuwepo?"

"Kahawa ipo," alisema Lempi, na alilisema lote, polepole, kama linavyopasa kusemwa. Urho alishusha kofia machoni haraka kidogo, akatoka kwenda kwenye gari lake, na safari hii hakusimama kutazama paa.

Lempi alikuwa bado anasikiliza mngurumo wa gari ukipotea barabarani simu ilipolia. Alikuwa Hautala. Sauti ilikuwa ya mtu anayetegemea kuambiwa jambo baya.

"Fundi, nauliza tu. Kama imeshindikana niambie, nimpelekee yule wa Marquette mapema."

"Imetoka."

"Imetoka? Ile? Na tope lote lile?" Alimgeukia mkewe pembeni, akamwambia imetoka, akarudi. "Sasa niambie, maana nataka ninunue na mimi. Umetumia chombo gani?"

Lempi aliitazama rafu iliyo karibu na mlango, kisha kigoda kilichobaki kimegeukia meza, na juu yake makombo ya mkate wa iliki.

"Kaka yangu," alisema.

Mji mzima ulijua habari za miaka ile mitatu, na mji mzima ulikuwa haujasema kitu.

"Na kurudishia?" Hautala aliuliza, kwa adabu.

"Hichohicho," alisema Lempi. "Kinakuja kesho saa nne."